Futi Nne za Njia ya Miguu: Maisha ya Fundi Futi

Marehemu baba yetu, mliyemwita Fundi Futi, hakuwahi kutoka nyumbani bila utepe wa kupimia shingoni. Alikwenda nao sokoni, klinikini, hata harusini, chini ya koti. Hakumwambia mtoto amekua mpaka ampime.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya pili baada ya kisima, mtoto wa nne kati ya sita. Alianza shule mwaka 1957 na kuishia darasa la saba. Mjomba wake, aliyekuwa mshonaji, akamchukua amfundishe kazi. Miezi sita ya kwanza hakuruhusiwa kugusa cherehani. Alipima tu.

Mwaka 1970 alifungua chumba chake mkabala na shule ya msingi, akashona sare kwa miaka hamsini na mitatu. Wengi mlio hapa mlisimama mbele yake mkiwa mmeinua mikono. Mlipobana pumzi, alisema, "Tumbo livute ndani kwa mchumba. Kwa fundi, liachie."

Alimwoa mama yetu tarehe 7 Septemba 1974. Mama alipeleka kitambaa cha gauni moja, akapimwa kiuno siku tatu tofauti. "Siku ya tatu nikamwambia, fundi, kiuno hakijahama," mama husimulia. "Akasema, nahakikisha tu."

Sehemu inayofuata nilitaka kuiruka. Mama amesema niisome.

Nyuma ya shule kuna njia ya miguu inayokwenda klinikini. Ni njia ya umma, na kuitunza ni kazi ya halmashauri. Nyasi zilipoanza kuimeza, baba aliandika barua: "Njia hii ilikuwa na upana wa futi nne. Leo nimeipima, ni futi moja na inchi saba." Aliitumbukiza kwenye sanduku la barua la halmashauri, ambako mimi, binti yake wa pili, ni karani wa mapokezi. Mwenzangu aliisoma kwa sauti. "Jamani, kuna mzee katupimia nyasi!" Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Sikusema ni baba yangu.

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, alikuja mwenyewe dirishani. Wenzangu walikuwa nyuma yangu. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

Alinitazama, akawatazama wale walio nyuma yangu, akashika utepe wake.

"Marahaba, karani. Naulizia barua yangu."

Tangu siku hiyo hakuniita mwanangu pale dirishani hata mara moja. Kwa miaka minne alileta barua nyingine nane, akipanga foleni kama wengine. Ofisini walimwita Mzee Nyasi. Kila barua niliigongea mhuri wa IMEPOKELEWA, nikampa nakala, na barua yenyewe nikaitia kwenye droo yangu ya chini, ilimokuwa ile ya kwanza. Kuipeleka idara ya ujenzi kulitaka nipite nayo mkononi kati ya meza za wale waliocheka. Naye kila mara aliaga vilevile: "Asante, karani. Nitapita tena Jumatatu."

Nyumbani hatukulizungumza. Mama alipomuuliza kwa nini asinibane mezani, alijibu, "Muache. Pale yuko kazini." Nakala zake alizihifadhi pamoja na karatasi za vipimo vya sare. Aliamini mhuri ni hatua.

Tarehe 11 Mei 2023, akienda kuchukua dawa za presha, mguu wake uliingia kwenye shimo lililofunikwa na nyasi. Alivunjika nyonga. Mwalimu mmoja alimkuta amekaa chini, akimwomba radhi kwa kumchelewesha kipindi.

Kesho yake nilizipeleka barua zote tisa. Mkuu wa ujenzi alizisoma zote. "Dada, hizi zilikuwa wapi? Hii ni kazi ya nusu siku." Jumanne watu watatu walianza saa mbili, wakamaliza kabla ya saa sita. Shimo nalo walilifukia.

Nilimwambia baba hospitalini. "Barua zilikuwa kwenye droo yangu, baba. Zote." Akauliza, "Umepima?" Nikasema ni futi nne. Akafumba macho.

Kulala kitandani kulimletea homa ya mapafu, ikamzidi. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Leo tumempitisha katika njia ile. Waliobeba jeneza walitembea wawili wawili, na hakuna aliyekanyaga nyasi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na sare sita ambazo bado hazijatiwa vifungo. Fundi wetu, lala kwa amani. Huku tutamalizia sisi.

Ijumaa jioni, siku moja kabla hajatutoka, muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, nilimfunika shuka na kumuaga. Alinishika kidole.

"Asante, karani," akasema. "Nitapita tena Jumatatu."