Udaktari Mara Nne

Kalekye Mulei alipata B+ katika mtihani wa kidato cha nne, matokeo yalipotoka Machi 2001. Wiki kadhaa baadaye alama hiyo ilikuwa bado inajadiliwa kwenye benchi lililo karibu na machimbo ya mawe ya Kitengela, mahali Brayo alipouzia kahawa ya tangawizi. Babake Kalekye, Mulei, mkata mawe ambaye benchi lilimwita Nyundo, alitaka kujua jambo moja tu: je, chuo kikuu kitamchukua binti yake? Kisipomchukua, angeenda Namanga kwa shangazi yake, akajifunze kupitisha mizigo mpakani. Shangazi alikuwa ameshamtengea kitanda. Siku ya mwisho ya kubadilisha kozi ilikuwa Ijumaa. Mazungumzo haya yalikuwa Jumanne.

— Nyundo, tulia, alisema Lazarus. Alikuwa tarishi wa wizara kabla ya kustaafu, na kwa namna alivyotoa habari zake walimwita Hansard, kama kumbukumbu rasmi za Bunge. — Hawa watu wa bodi ya vyuo wanachagua na haki. Wanaanza na mwenye pointi nyingi, wanashuka, wanashuka, viti vikijaa wanafunga mlango.

— Na viti za udaktari ni ngapi? aliuliza Mulei.

— Chache.

— Chache ngapi?

— Sasa mimi ni fundi wa viti?

Metito alicheka. Huyu aliuza mashamba, na jina lake hapo lilikuwa Ploti.

— Lakini wasichana wanapunguziwa pointi moja ya kuingilia, alisema. Hiyo ndiyo haki? Kijana wangu amshinde msichana wa Nyundo, halafu msichana aingie, kijana abaki akichunga?

— Kijana wako akitoka shule alikuwa anafanya nini? aliuliza Hansard.

— Anasoma.

— Na Kalekye?

Wote walikuwa wamemwona Kalekye jioni akisukuma mkokoteni wa mitungi kutoka kisimani.

— Basi hiyo pointi ni ya maji, alisema Metito. Na kama ni ya maji, wilaya yote hii ya Kajiado ipewe. Wapime mvua. Mahali hakujanyesha, unaongezwa pointi mbili.

— Sisi ni Wakamba, alisema Mulei.

— Kwani Mkamba hasikii kiu?

Brayo alimimina kahawa, akatikisa kichwa.

— Wazee, mnaongea mambo ya kitambo. Siku hizi ni kompyuta. Iko Nairobi, kwa chumba baridi. Inaita majina kutoka A. Stima ikipotea, inasahau, inaanza tena A. Ndiyo maana kina Achieng' na kina Abdi wamejaa chuo. Kalekye ni K. Hapo K stima haijawahi kufika.

— Achana na kompyuta, alisema Hansard. Wakubwa wa vyuo wanakaa kwa hoteli, wanagawana watoto kama timu za mtaani. Wewe chukua huyu, mimi nachukua yule. Sasa wakifika kwa Kalekye wataona nini? Udaktari, udaktari, udaktari, udaktari. Watasema huyu hana mchezo.

Mulei aliinua macho. Maneno hayo aliyajua. Mwaka uliotangulia, wakati wa kuchagua kozi shuleni, Kalekye alikuwa na nafasi nne za kujaza. Benchi lilikaa, likabishana mchana mzima, likaamua ajaze kitu kimoja mara nne ili bodi ione msimamo wake. Mulei ndiye aliyepeleka uamuzi nyumbani.

— Na asipopata huo udaktari, aliuliza Mulei, wanampa nini? Hakuna kitu kingine hapo.

— Usibadilishe, alisema Hansard. Ukibadilisha watajua umeogopa.

Kwenye ukingo wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Phylis, mkazi mpya aliyekuwa akijenga upande wa juu. Alikuwa anangoja trekta limbebee mawe, na kahawa yake ilikuwa imepoa.

— Samahani, baba Kalekye, alisema. Msichana mwenyewe alitaka kusomea nini?

Brayo alimtazama Hansard. Hansard alimtazama Metito. Metito alianza kukung'uta vumbi kwenye kiatu.

— Anapenda hesabu, alisema Brayo. Ama?

— Hiyo ni kupenda, alisema Hansard. Mama anauliza kusomea.

Wakamgeukia Mulei. Alikuwa akikumbuka jioni ile alipopeleka uamuzi wa benchi nyumbani. Kalekye alikuwa anakatakata mboga ya sukuma wiki. Kisu kilisimama kidogo, akasema, «Sawa, baba,» kisha kikaendelea. Mulei alikuwa amerudi benchini akiwaambia kwamba mtoto amefurahi.

— Sijui, mama, alisema. Sikumuuliza.

Aliinuka, akaacha kikombe kikiwa nusu.

— Nyundo, hatujamaliza, alisema Hansard.

— Nyinyi malizeni.

Hakuelekea machimboni. Alishika njia ya nyumbani, na ilikuwa bado mchana.

Alhamisi Kalekye alienda shuleni kwake na kubadilisha nafasi zote nne. Babake alimsindikiza hadi langoni, akamngoja nje. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, Kalekye aliitwa chuo kikuu kusomea takwimu, kozi ambayo haikuwahi kutajwa kwenye benchi.