Kandambili ya Bluu

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi walikaa wanawake wawili. Walikuwa wakienda kwenye kikao kimoja cha uchunguzi, kumsemea mtoto mmoja aliyekufa kwa moto katika makao ya watoto. Mmoja alimzaa. Mwingine alimlea tangu anatambaa, mpaka wakubwa wa ofisi ya ustawi wa jamii walipomhamishia huko.

"Nitasema mimi," alisema mzazi. "Mimi ndiye mama yake."

"Sema, dada. Waambie basi alikuwa analalaje."

Mzazi akageukia dirishani. Mlezi akatoa kandambili ndogo ya bluu mkobani. "Aliibana mlangoni kila usiku, mlango usijifunge. Kule wakaiona takataka, wakanirudishia, halafu wakawa wanatia kufuli kwa nje. Mimi nataka bweni la watoto lifunguke kwa ndani, na mtu mzima alale humo humo."

"Hata mimi nataka hayo. Ila hiyo hofu karithi kwangu. Mlango ukifungwa, mimi silali. Kwa hiyo usijione."

Mlezi akaitazama kandambili kama mtu aliyeibiwa. Nimeona watu wakigombea shamba, nimeona wakigombea mume. Kugombea hofu ya mtoto, sijawahi.

"Nipe niishike mimi, niwaonyeshe."

"Utaiona nikiwaonyesha mimi."

Basi likasimama. Wakainuka pamoja, wakabanana mlangoni, hakuna aliyempisha mwenzake. Kondakta akachoka kungoja, akaanza kuuvuta mlango. Wote wawili wakauzuia kwa mkono.