Torger Kvamme na Gari Lililopakwa Mafuta Kila Jumamosi

Baba yetu Torger Kvamme, tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 14 Machi 1890, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1836 huko Vang, Norwei. Hata shule aliyosoma haikukaa mahali pamoja. Mwalimu alihama shamba hadi shamba na vitabu vyake mgongoni, nao watoto wakimfuata. Baba alisema huko alijifunza kusoma huku jicho moja liko mlangoni.

Mwaka 1857 alivuka bahari. Miaka miwili baadaye alijiunga na kikosi kilichopanda mto Missouri kuchora ramani ya huku kwetu, wakati ramani zenyewe zilikuwa nyeupe kama shuka. Serikali ilipoitangaza Dakota kuwa eneo lake, mwaka 1861, alipata kazi ya kukokota mnyororo wa kupimia ardhi. Siku moja Mdakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyekuwa akinywesha farasi ng'ambo ya kijito aliwapigia kelele, "Nyie! Mmeshamaliza kupima?"

"Bado kidogo," Baba akajibu.

"Haya, mkimaliza muirudishe ardhi mlipoitoa!"

Baba aliisimulia hadithi hii kwa kicheko. Watu wale waliondolewa, na mashamba tunayolima ndiko mnyororo ule ulikopita.

Tarehe 10 Juni 1866, kule Minnesota, alifunga ndoa na mama yetu, Guro Haugen. Mtoto wao wa kwanza, Marit, alifariki kwa surua akiwa na miaka miwili, akazikwa chini ya mwaloni. Theluji ilipoyeyuka Baba akauza shamba, kwa kuwa magharibi kulikuwa na ardhi mpya. Mama aliutazama ule mwaloni akiwa garini mpaka ukawa kama kitone. Wakahama tena, na tena, na mwaka 1880 wakafika hapa bonde la mto James, wakajenga nyumba ya mabonge ya udongo.

Huku hakuna miti. Mbao nzuri zilikuwa za gari letu la farasi tu, na Baba hakutaka ziguswe. Mlango wetu ulikuwa wa makasha ya sabuni, theluji ikipenya kwenye nyufa hadi kitandani. Mama akiomba mlango mzuri, Baba alimjibu, "Mlango mzuri humfunga mwenye nyumba." Na kila Jumamosi aliyapaka magurudumu mafuta, kana kwamba kesho ni safari.

Tarehe 2 Novemba mwaka jana Dakota ya Kusini ikawa jimbo. Jumatatu yake jirani yetu Halvor Bakken alikuja mbio na habari.

"Torger, tumekuwa jimbo! Sasa na sisi ni watu!"

"Kwani jana ulikuwa mbuzi, Halvor?"

Halvor akacheka peke yake. Kesho yake asubuhi tukamkuta Baba anafunga farasi. Alisema huku kumeshajaa uzio na makarani, twende Montana. Mama hakubishana. Alichukua bakuli la viazi, akambeba na mjukuu wake mchanga, Marit, akaenda kukaa juu ya mti mrefu wa mbele ya gari, katikati ya farasi, akaanza kumenya.

"Ondoka hapo, mama watoto, utakanyagwa."

"Wanikanyage. Marit mmoja nimemwacha chini ya mwaloni. Huyu wa pili simwachi."

Viazi viliisha. Baba akawafungua farasi. Ila Jumamosi ilipofika, tulimwona tena na kopo la mafuta.

Mwezi Februari alishikwa na homa ya mapafu. Jumamosi iliyopita, tarehe 8, kaka yetu Eivind aliinama kitandani akamuuliza, "Baba, nikupakie mafuta magurudumu?"

"Usipake. Livunje gari. Mbao za ubavuni zitanitosha mimi. Zinazobaki, mtengenezee mama yako mlango."

Mama aligeukia jiko, akakoroga sufuria isiyokuwa na kitu. Baba alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Guro, mwana, Eivind, binti, mimi Ingebjørg, na mume wangu Nils, na mjukuu, Marit, wa miezi kumi na moja, ambaye jana alisimama kwa mara ya kwanza, ameushika mlango mpya.

Bwana ampe Baba pumziko, na amfundishe kulizoea.