Posa ya Dokta Zayed

Nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kwenye benchi la Mwinyimvua muuza kahawa, Uledi alifika asubuhi ile moyo mzito. Tangu afunge duka lake la mikeka miaka sita nyuma, hakukosa siku. Safari hii alikuwa na jambo. Dokta Zayed, msomi wa mambo ya nje na uchumi wa mataifa, kamposa Siti, dada yake mjane. Siti kesharidhi. Walii, mwenye idhini ya kumwoza, ni Uledi, na jibu linatakiwa leo baada ya Alasiri. Akawaeleza wenzake, Bandari na Kamishna.

— Huyo Dokta kazi yake hasa nini? akauliza Bandari, aliyewahi kubeba mizigo bandarini na tangu hapo anaijua dunia nzima.

— Anakaa mezani na mataifa, akajibu Uledi, wanazungumzia ushuru. Geneva, Addis, Lusaka. Miaka thelathini.

— Thelathini, na hawajamaliza? Oya, hapo pana kitu! Na analipwa kuzungumza? Sisi mbona tunazungumza bure?

Kamishna akasogea, akashusha sauti.

— Juzi kamuuliza Mwinyimvua bei ya tangawizi. Akaiandika kwenye kidaftari. Jana tangawizi ikapanda.

— Weee! akamaka Bandari.

— Huyo hamtaki Siti, Uledi, akaendelea Kamishna. Anaitaka nyumba yenu. Akishaingia tu, anatundika bendera, panakuwa ubalozi. Unalala Bongo, unaamka nchi ya watu. Ukienda chooni unaombwa pasipoti!

Uledi alijua ni upuuzi. Lakini, Mungu amsamehe, upuuzi ule ulimpendeza, maana Siti akiolewa, nani atampikia? Akaweka kikombe chini.

— Basi. Namkatalia.

Ndipo akatokea mama mtu mzima, baibui safi, mkoba kwapani.

— Asalaam alaykum, wanangu.

— Waalaykum salaam. Shikamoo, bi mkubwa.

— Marahaba. Mimi Shamsa. Mpwa wangu Zayed kaposa mtaa huu, nami nimekuja kuulizia watu wenyewe kabla hatujaingia. Eti huyo Uledi, kaka wa bibi harusi, anafanya kazi gani?

Bandari akachungulia kikombe kitupu. Kamishna akakohoa. Mwinyimvua akapuliza makaa yaliyokuwa yamekolea zamani.

Uledi akasema astaghfirullah kimoyomoyo, akainuka kumpisha akae.

— Ndiye mimi, mama. Mwambie Dokta tumekubali. Kama na nyie mtatukubali.