Odessa Pruitt, Wakili Aliyekataa Kukaa Chini

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Wakili Odessa Pruitt anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili hapa mjini Mobile kwa miaka thelathini na minne. Mlioajiriwa juzi mnamjua kwa karanga zake za kuchemsha na ukali wake kwa wachelewaji. Sisi wakongwe tunamjua kwa kesi ya Verlene Tate, na hasira ya kesi hiyo haijatutoka hadi leo.

Bi Verlene, mwanamke Mweusi, alikata kuku kiwandani tangu usichana wake. Kila alipoomba kuwa msimamizi, cheo alipewa kijana wa Kizungu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Meneja akamwambia mchana kweupe, mbele ya watu, “Ridhika, Verlene. Watu wa kwenu mnajua kukata, si kuongoza.”

Odessa akalipeleka jambo hilo mahakama ya shirikisho. Siku ya kuchagua raia wa kuiamua kesi, wakili wa kiwanda alitumia haki ya kila upande ya kukataa baadhi yao, akawaondoa Weusi wote. Sheria inakataza kumwondoa mtu kwa rangi yake, hivyo Odessa akasimama kudai sababu. Mmoja, eti kavaa kofia kubwa. Mwingine, eti hawatazami mawakili usoni. Upuuzi mtupu! Mzungu aliyekuwa akisinzia kiti cha nyuma aliachwa abaki.

“Wakili Pruitt, nimeshaamua. Kaa chini,” jaji akasema, akizikubali sababu hizo.

“Nitakaa, Mheshimiwa. Ila kwanza iandikwe kwamba yule bwana amelala, na sasa anakoroma.”

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa jaji. Tulishindwa kesi.

Lakini pingamizi lilikuwa limeandikwa, na bila hilo rufaa isingekuwa na pa kusimamia. Majaji wa rufaa walichukua miaka miwili kuona kile ambacho kila mtu ukumbini alikiona papo hapo, ndipo wakaamuru kesi isikilizwe upya. Odessa alikuwa ameshafika umri wa kustaafu, na mumewe, Cleophus, ameshanunua boti ya kuvulia. Akaahirisha.

“Boti haina haraka,” alituambia. “Verlene anayo.”

Machi mwaka huu tulishinda, na mahakama ikaamuru Bi Verlene apewe cheo chake. Ameanza kazi hiyo Jumatatu iliyopita. Desemba naye anastaafu. Jumatatu hiyo tulipoanza kupiga makofi ofisini, Odessa alitukemea.

“Mnashangilia nini? Wamekula ujana wake wote, wamemrudishia miezi saba!”

Asante, Bi Odessa, kwa kutufundisha kutoridhika upesi. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi pamoja na Cleophus. Jumatatu tunaingia tena mahakamani dhidi ya kiwanda kilekile, kwa niaba ya wanawake sita waliokuwa wakikata kuku pembeni ya Verlene. Wewe nenda kavue samaki.