Gonzaga Ssemwanga na Maswali ya Mkwewe

Marehemu Gonzaga Ssemwanga alizaliwa Bukeeri, Buddu, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa hayati Kalooli Bbosa na Bibi Veneranda. Alianza shule ya parokia mwaka 1958. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kuchelewa, maana hakuweza kuupita mti wa mutuba uliovuliwa gome la kutengenezea nguo bila kusimama na kuufunga majani ya mgomba, usije ukakauka. Mwaka 1965 baba yake alifariki, naye akaacha shule na kushika nyundo za kupondea magome yawe nguo za kuzikia. Wengi tuliowazika parokiani hapa walilala ndani ya kazi ya mikono yake.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Maxensia Nakimera. Mama Maxensia husema aliupenda mlio wa nyundo zake akiwa mbali, kabla hajaiona sura yake, na kwamba ingekuwa kinyume asingekubali. Mzee alicheka kila mara kana kwamba analisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Kwa mke wa mwanawe Mathias, Daktari Resty wa zahanati yetu, mzee hakusogea karibu wala hakupokea hata chumvi kutoka mkononi mwake, kama mila inavyotaka kwa baba mkwe. Mwaka 2018 wanaume waliitwa parokiani kupimwa tezi dume. Mzee alifika na baiskeli yake, akamwona Resty mezani, akageuza. Kumbe mkwewe alikuwa akiandika majina tu, na damu ilitolewa mkononi na muuguzi Kato, mwanamume. Tulimsifu kwa adabu hiyo. Leo inatuuma.

Krismasi ya 2021 Resty aliketi jikoni, mzee sebuleni, ukuta katikati, na Shangazi Perepetua, dada wa mzee, mlangoni.

"Shangazi, muulize baba, usiku anaamka sana kwenda haja ndogo?"

"Kaka, unaulizwa..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ni uzee."

"Anasema ni uzee."

"Muulize, na damu je?"

"Mwambie, kidogo tu."

"Basi mwambie uzee haukojoi damu."

Shangazi alilifikisha neno hilo taratibu, ingawa lilikuwa limeshafika. Wiki iliyofuata mzee alikwenda hospitali Masaka. Daktari wa kule alichukua damu, kisha akampima kwa kidole. "Nimevua miti magome maisha yangu yote," alimwambia mkewe, "leo nami nimevuliwa." Lakini saratani ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo aliyozisingizia nyundo hayakuwa ya nyundo.

Hapo akamgeukia Mathias, akamtaka naye akapimwe.

"Baba, mbona mimi sijisikii chochote?"

"Ndiyo maana uende. Mimi nilingoja kujisikia."

Mathias alipimwa, akakutwa nayo ikiwa bado changa, akatibiwa akapona. Tangu siku hiyo kila mwanaume aliyekuja kununua nguo ya kuzikia aliulizwa kwanza kama amepimwa. "Ya jirani yako nitakuuzia," alisema, "ya kwako usiniharakishe."

Juma moja kabla ya kufariki alimwita Resty mpaka mlangoni.

"Mwanangu, leo sema nami mwenyewe. Shangazi yako amechoka."

"Baba, nilitamani kukuambia mapema."

"Najua. Nilikuona ukinitazama kila nikitoka nje. Usilie. Mume wako unaye."

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 22 Julai 2024. Nguo anayozikwa nayo leo aliiponda mwenyewe, ya mwisho.

Ameacha mjane, Mama Maxensia, dada, Perepetua, watoto, Mathias, Specioza na Lwanga, mkwe wake, Resty, na wajukuu saba.

Aliagiza pia hili lisomwe kaburini, na lisomwe kwa sauti: nyuma ya kanisa kuna meza ya kupimia tezi dume. Anayetoa damu ni Kato, na damu ni ya mkononi tu. Resty anaandika majina. Msigeuze baiskeli.

Lala salama, fundi wetu. Mungu akufunike vizuri.