Telesfori Sindayigaya, Mbeba Wagonjwa wa Nyabugera (1936–1980)

Tunayemzika leo ni Telesfori, mtoto wa pili wa Mzee Matiasi Sindayigaya na Mama Niragira. Alizaliwa Ntobeye, Ngara, mwezi wa Machi 1936, miaka michache baada ya wazazi wake kuvuka mto Ruvubu kutoka Burundi kutafuta shamba. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu ni wa Mungu. Marehemu alikua akiamini hivyo, ila hakuambiwa ni wa kazi gani.

Alisoma shule ya misioni hadi darasa la nne, akamaliza 1951. Mwaka 1960 alipelekwa chuo cha makatekista, akarudi 1962. Jumapili yake ya kwanza alisimama mbele ya waumini, akafungua kitabu, akasema, "Ndugu zangu." Akanyamaza. Akasema tena, "Ndugu zangu." Mara ya tatu alifunga kitabu, akarudi kwenye benchi. Miaka mingi watoto wa Ntobeye walimwamkia, "Shikamoo, Ndugu Zangu," naye akaitikia marahaba bila kinyongo. Padre alimjaribu kwenye kwaya, akaimba kama mtu anayefukuza ndege shambani. Akampa darasa la komunyo ya kwanza, watoto wakamzidi kwa maswali.

Tarehe 11 Mei 1963 alifunga ndoa na Ernesta, binti wa Nyamiaga. Walijaliwa watoto watatu: Faustini, Eufrazia, na kitindamimba wao Nimpaye. Ernesta ndiye aliyejua jinsi jambo lile lilivyomuuma. "Labda aliitwa mtu mwingine," mumewe alimwambia siku moja wakipalilia maharage, "mimi nikaitika."

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, padre alimwomba aende Biharamulo, kijiji kipya cha Nyabugera. Kazi yake ilikuwa kufungua kanisa la nyasi siku ya Jumapili na kulifagia. Pale walikuwa wamekutanishwa Wasubi wenyeji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na wakimbizi wa Burundi. Kila kundi lilikaa upande wake, na salamu zilikuwa chache.

Agosti 1975, Nshoma, mkwe wa Mzee Kazimili wa upande wa Wasukuma, alishikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua. Zahanati ilikuwa maili kumi na moja, na njia ya gari haikuwepo. Wakimbizi walikuwa na ingobyi, ile machela ya kusukwa inayobebwa mabegani, lakini hakuna Msukuma aliyethubutu kwenda kuiomba. Marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba. "Sikuja kuhubiri," aliwaambia. "Naomba bega." Walitoka wanane, wa kila kabila, wakapokezana njia nzima. Mtoto wa Nshoma akazaliwa mzima.

Telesfori alirudi bega limechubuka. Ernesta alipokuwa akimpaka samli, mumewe alimwambia, "Nimeijua."

"Umejua nini?"

"Kazi yangu."

Ernesta anasema hakuwahi kumwona akila ugali mwingi kama siku ile.

Tangu hapo wabebaji wakafika thelathini, naye ndiye aliyeitunza ingobyi, aliyewaita na kutangulia mbele. Hawakuuliza mgonjwa amebatizwa au la. Padre naye akaacha kumuuliza habari za mahubiri.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Vijana walichukuliwa mgambo, wakaenda mstari wa mbele, wabebaji wakabaki sita. Jumatano, tarehe 21 Februari 1979, Mzee Kazimili alizidiwa na ngiri, na wanawe wote walikuwa vitani. Asubuhi hiyohiyo Nimpaye, mwenye miaka minne, aliamka na homa.

"Baba Faustini, mtoto anaungua," Ernesta alimwambia.

Marehemu alimgusa mtoto paji la uso. "Jua la leo litamtesa njiani. Mwache alale, nitamletea dawa."

Wabebaji wakaondoka na Mzee Kazimili. Adhuhuri mtoto alishikwa na degedege. Ernesta alizunguka kijiji hakupata mwanamume wa kumsaidia, akamfunga mgongoni, akaifuata njia ya zahanati peke yake. Telesfori, akirudi na vidonge mfukoni, alimkuta amekaa kando ya njia maili ya nne, mtoto bado yuko mgongoni. Nimpaye alikuwa ameshakata roho.

"Ulichelewa wapi?" Ernesta aliuliza.

Mzee Kazimili alipelekwa hospitali kwa gari kutoka zahanati, akapasuliwa, akapona. Yupo nasi hapa leo.

Wiki tatu marehemu hakutoka nje. Ndipo walipokuja watu wa bondeni, mama yao akiwa hajiwezi, wakasimama uani wasithubutu kubisha. Ernesta aliitoa ingobyi darini, akaiweka mlangoni, akarudi jikoni. Telesfori akaibeba.

Januari 1980 alianza kukohoa damu. Alilazwa hospitalini miezi mitano, akaomba kurudishwa nyumbani. Siku zake za mwisho alimuuliza mkewe, "Umenisamehe?"

"Bado," Ernesta alisema.

"Usijilazimishe," akamjibu, akapokea maji aliyokuwa akimnywesha. Ernesta ametaka haya yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa kuwa mumewe hakupenda watu wapambwe. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1980, saa kumi alasiri, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mkewe.

Ameacha mjane, Ernesta. Watoto wawili, Faustini na Eufrazia. Mama yake, Niragira. Na mdogo wake Idefonsi, mwandishi wa wasifu huu. Nimpaye alimtangulia.

Padre alitaka azikwe misioni, pamoja na makatekista. Ernesta alikataa. "Alale hapa, ubavuni kwa mtoto," alisema. "Asiende tena mbali naye."

Mungu ampokee Telesfori, na hapo alipo na mwanawe apumzike kwa amani.